Kazi ya Kutwa na Masomo ya Chuo: Panga Wiki Yako Bila Kuukata Usingizi

Mimi ni muuguzi hapa Malindi, na kwa sasa nasomea digrii huku zamu zangu wodini zikiendelea kama kawaida. Tuko wengi katika njia hii: walimu wanaosoma wakati wa likizo, wahudumu wa hoteli wenye vipindi vya jioni, makarani wanaopanda matatu ya Kilifi kila Jumamosi alfajiri. Wanaponijia wakilalamika kichwa kuuma kila siku, kiungulia au presha kupanda, swali langu la kwanza ni moja: unalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku? Jibu huwa nne, au tano wakijitahidi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye usingizi, na mengine yote yanapangwa kuuzunguka.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wiki kwa kalamu

Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala, yaani saba kila usiku, ambazo ndizo kiwango cha chini kwa mtu mzima. Zinabaki 119. Toa 45 za kazi na 10 za njiani, unabaki na 64. Vipindi vya chuo tuseme 12: zinabaki 52. Ukitenga 14 za kujisomea, bado una 38 za kusali, kupika, kula, kuoga na kukaa na watoto, zaidi ya saa tano kwa siku.

Fanya hesabu hii kwa wiki yako ilivyo, si kwa wiki unayoitamani. Saa zikiisha kabla hujamaliza orodha, basi masomo uliyochukua muhula huu ni mengi. Chukua manne badala ya sita. Najua ada inauma na kila mtu anataka kuvaa joho mapema, lakini kuchelewa muhula mmoja kunalipika, na presha ukishaipata unaishi nayo.

Hatua ya 2: Weka saa za kulala kwanza, kisha zilinde

Ulichosoma mchana, ubongo hukipanga na kukihifadhi ukiwa umelala. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajinyima kile kile alichokikeshea. Chagua saa ya kulala na saa ya kuamka, ziandike kwenye ratiba kabla ya kitu kingine chochote.

Kahawa inahitaji uangalifu. Mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini, kwa hiyo kahawa chungu unayokunywa barazani saa mbili usiku, nusu yake bado inakufanyia kazi saa saba. Ya mwisho iwe saa nane mchana. Kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, sina maneno ya kupamba: unafukuza usingizi, unakata hamu ya kula na kupandisha presha, na kesho yake unadai deni lote kwa pamoja. Usisomee muguka.

Walio na zamu ya usiku wana kazi ya ziada. Ukitoka asubuhi vaa miwani ya jua, kwa maana mwanga huuambia mwili kuwa kumekucha. Ukifika nyumbani kula kidogo, oga, ingia ndani ya neti. Dirishani ning'iniza pazia zito, au leso mbili moja juu ya nyingine. Msimu wa kaskazi, hasa Januari na Februari, chumba cha bati hakilaliki ikifika adhuhuri, basi gawa usingizi: lala kwa muda wa saa nne mara tu ufikapo, kisha kwa muda wa saa tatu jioni kabla ya kurudi kazini, jua likishapoa. Waambie wa nyumbani kuwa saa hizo hupigiwi hodi, na simu iwe chumba kingine.

Jambo moja zaidi, na tafadhali lishike. Utafiti uliofanywa Australia ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hutenda kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ukitoka zamu ya usiku usiendeshe pikipiki yako. Panda tuktuk, au mwombe mwenzako akufikishe.

Hatua ya 3: Pika mara mbili, ule wiki nzima

Mbaazi za nazi ni chakula kizuri sana cha asubuhi: zina protini na zinakaa tumboni. Punguza mahamri yawe mawili na ongeza mbaazi. Tatizo kubwa la mwanafunzi mfanyakazi ni saa tatu usiku, akitoka darasani na njaa kali, viazi karai na chipsi zinamngoja kando ya barabara.

Kwa hiyo Jumapili na Jumatano chemsha kunde, pojo au maharage ya kutosha, gawa kwenye vibakuli, weka kwenye friji. Ukirudi unaunga kitunguu na nyanya, unakata mchicha, dakika kumi na tano umekula. Kama huna friji, chemsha kiasi cha siku moja, na dagaa wakavu wawe akiba yako. Wali uliolala nje ya friji kwa joto letu usiule, hata ukiupasha: kuna vijidudu vinavyoacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Maji beba chupa yako na uangalie mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha.

Hatua ya 4: Mazoezi yaingie ndani ya safari zako

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunatosha. Shuka tuktuk mapema, umalizie kwa miguu. Jioni maji yakiwa yametoka, tembea ufukweni kuelekea Nguzo ya Vasco da Gama ukisikiliza mhadhara uliorekodi. Mimi hukumbuka vizuri zaidi nilichosikiliza nikitembea kuliko nilichokisoma nimejinyoosha kitandani.

Hatua ya 5: Zungumza na watu mapema

Omba ratiba ya zamu kabla muhula haujaanza, ukiwa na tarehe za mitihani mkononi. Msimamizi husikiliza zaidi ombi la miezi miwili mbele kuliko la kesho. Kwa ndugu na jamaa, mazishi nenda. Harusi ya siku nne, chagua siku moja na utume mchango wako mapema. Mwenye uwezo amlipe mtu wa kumfulia nguo. Ni saa tatu umezirudisha.

Hatua ya 6: Zijue dalili za kutopuuza

Homa hapa pwani usiiite uchovu. Pima malaria siku hiyo hiyo. Usimeze diclofenac au ibuprofen kila siku ili kichwa kitulie usome: dawa hizi huchubua tumbo na huumiza figo. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, mwone daktari wiki hiyo hiyo, mitihani au hakuna mitihani.

Na ikiwa wiki mbili zimepita huna hamu ya chochote, unalia bila sababu au unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Kisha uliza ofisi ya msajili utaratibu wa kuahirisha muhula. Nenda na barua ya daktari, na uhakikishe umebaki na nakala iliyopigwa muhuri.