Jinsi ya kuidai kaunti ya Lamu huduma za kisukari kabla bajeti haijafungwa

Mgonjwa wa kisukari anayeishi Kizingitini au Siyu, kisiwani Pate, insulini ikimwishia na zahanati ya karibu ikawa haina, hana budi kuvuka hadi Amu, yaani mji wa Lamu, na chombo chenyewe husubiri maji yajae ndipo kipite mlango wa bahari wa Mkanda. Msimu wa kusi safari hiyo huwa nzito zaidi. Hali hii haiondoki kwa kumgombeza muuguzi wa zahanati, kwa kuwa muuguzi hugawa kilicholetwa, na kilicholetwa ni kile kilichotengewa fedha miezi mingi nyuma. Kwa hiyo anayetaka mabadiliko aende pale fedha zinapogawanywa, tena aende na ombi dogo, lenye hesabu na bei, katika mwezi unaofaa. Ombi la namna hiyo lina nguvu kuliko malalamiko makubwa yanayotolewa wakati wowote.

Jambo la kwanza ni kujua nani anadaiwa nini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti hospitali na zahanati zao, maduka ya dawa ya serikali yaliyomo humo, magari na mashua za wagonjwa, pamoja na huduma za afya ya msingi. Serikali ya taifa imebaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Ushuru wa vinywaji vyenye sukari na viwango vya michango ya bima ya afya ya jamii ni mambo ya Nairobi. Mwakilishi wadi ukimwomba hayo, atakuitikia kwa adabu na hatakuwa na la kufanya. Lakini elimu ya chekechea ni ya kaunti, na ni halali kabisa kuitaka iandike kanuni kwamba soda na juisi za unga zisiuzwe wala kugawiwa katika madarasa yake, na maji safi ya kunywa yawepo. Kanuni hiyo haigharimu fedha nyingi, na kinga ya kisukari cha ukubwani huanza na mazoea ya utotoni.

Kisha kusanya ushahidi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinamruhusu raia yeyote kuandika barua, hata kwa Kiswahili, kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Iandikie idara ya afya ya kaunti maswali machache tu: wagonjwa wa kisukari walioandikishwa katika kila kituo ni wangapi, katika mwaka uliopita kila kituo kilikaa siku ngapi bila insulini, bila vidonge vya kisukari vya metformin na bila vibanzi vya kupimia sukari, vituo vipi vina jokofu linalofanya kazi, maana insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kiasi gani cha fedha kilitumika kununua vitu hivyo. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ikinyamaza, ukimya huo huhesabiwa kuwa ni kukataa, na unaweza kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiombe majina ya wagonjwa, wala usiyaandike kwenye karatasi zako. Wapo watu katika mitaa yetu ambao hata wake zao hawajui kwamba wana sukari.

Sasa fanya hesabu, na hapa ndipo watu wengi huchoka mapema. Chukua mgonjwa anayetumia yuniti 40 za insulini kwa siku. Kwa mwaka anahitaji yuniti 14,600, na chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kwa hiyo anahitaji chupa 15. Akijipima mara mbili kwa siku, atatumia vibanzi 730, yaani pakiti 15 za vibanzi 50. Kwa wagonjwa 40 ni chupa 600 na pakiti 600, na sindano juu yake. Weka idadi halisi ya wadi yako mahali pa hiyo 40, chukua bei kutoka maduka matatu ya dawa ya Amu au Mpeketoni, omba pia bei ambayo kituo hulipa kinaponunua kwa KEMSA, shirika la taifa la kusambaza dawa, kisha andika jumla chini kabisa kwa tarakimu kubwa. Afisa wa fedha akiiona jumla hiyo hawezi tena kusema kwamba jambo hili litaangaliwa. Atalazimika kusema zipo au hazipo.

Vibanzi visisahauliwe. Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii waligawiwa mikoba yenye mashine ya kupima sukari na ya kupima shinikizo la damu, na ni hatua njema, ila mashine bila vibanzi haimpimi mtu. Ombi la kwanza linaloweza kukubaliwa kwa haraka ni hilo: vibanzi kwa kila mhamasishaji, kwa mwaka mzima, kwa vijiji vilivyo mbali na hospitali.

Kuhusu wakati, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndiyo kalenda yako. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, takriban miezi 10 kabla fedha zenyewe hazijaanza kutumika. Waraka wa Mkakati wa Fedha hufuata kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Wengi hujitokeza Mei, wakati wa vikao vya wananchi, na hapo vifungu vikubwa vimekwisha kupangwa. Kinachowezekana ni kuhamisha kidogo kutoka hapa kwenda pale. Peleka karatasi yako kwa idara ya afya mwezi wa Julai au Agosti, irudie Januari, na Mei uende kuilinda tu. Kikao kikiitishwa Amu peke yake wakati bahari imechafuka, waandikieni mapema kudai kingine Faza, kwa kuwa Katiba, Kifungu cha 196, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na watu wa Pate ni wananchi.

Kikaoni utapewa dakika chache, na si busara kuanza na historia ya ugonjwa. Mtu mmoja asimame aseme maneno ya namna hii: “Bwana mwenyekiti, waheshimiwa, asalamu aleikumu. Sisi wa wadi ya Faza tunaomba kifungu kimoja kiongezwe katika bajeti ya afya: insulini na vibanzi kwa wagonjwa walioandikishwa katika zahanati zetu. Idadi yao ni hii, gharama ni hii, na hizi ndizo siku ambazo dawa haikuwepo mwaka jana kwa mujibu wa barua ya idara yenyewe. Tunaomba jibu liandikwe katika kumbukumbu za leo.” Akimaliza, akabidhi nakala kwa karani na akae. Mgonjwa mwenyewe akikubali kusema kwa hiari yake, asikilizwe. Asilazimishwe, wala asiinuliwe suruali kuonyeshwa kidonda.

Iwapo kikao hakikuzaa kitu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa Bunge la Kaunti. Iandike kwa lugha ya heshima, ielekezwe kwa karani wa Bunge, ieleze umekwisha kuzungumza na ofisi gani na ikajibu nini, itaje kama shauri liko mahakamani au haliko, na imalizie na ombi lililo wazi, kisha sahihi na anwani za waombaji. Mahali pa hoja unaweza kukumbusha kwamba Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliafiki shabaha za mwaka 2030, miongoni mwake asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wametambuliwa, na kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza apate insulini na vifaa vya kujipimia kwa bei anayoimudu.

Wako washirika ambao hawaombi posho. Maimamu ni wa kwanza, na sababu yao ni ya dini hasa: Ramadhani mwenye kisukari huhitaji kuonana na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ajue kama anaweza kufunga na dozi yake ibadilishwe vipi. Iombeni hospitali itenge siku za kliniki hiyo kila mwaka na misikiti iitangaze Ijumaa. Manahodha nao ni mashahidi wazuri, kwa kuwa wanajua ni nani wanayemvusha kila mwezi na kwa nini. Kwa upande mwingine, sioni faida ya kuanza kampeni kwa kuzishambulia haluwa na kaimati. Utawapoteza waandaji wa maulidi na harusi, ambao ndio hasa ungependa waweke maji na matunda kwenye sinia kwa hiari yao.

Si kila kitu kinahitaji bajeti ya kaunti. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za uboreshaji wa vituo vya afya inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia. Kwa hiyo kutazama nyayo za kila mgonjwa wa kisukari katika kila kliniki, kwa ule uzi mwembamba wa nailoni unaojaribia hisia, ni jambo ambalo bodi ya hospitali inaweza kuliamua katika mkutano mmoja. Mgonjwa ambaye hahisi uzi huo ndiye anayekanyaga mwiba jioni na kuugundua baada ya wiki, mguu umekwisha kuvimba.

Kifungu kikipitishwa, bado dawa haijafika. Msimamizi wa Bajeti wa taifa huchapisha taarifa ya matumizi ya kila kaunti kila robo mwaka. Isome, ulinganishe kilichotengwa na kilichotumika. Na mnamo Septemba, mjumbe wa kamati ya zahanati aombe kuiona kadi ya ghala ya insulini: tarehe ya kupokewa, idadi iliyoingia, idadi iliyotoka, salio. Salio likisoma sufuri, nakili tarehe hiyo na uipeleke kwa afisa mkuu wa afya wiki hiyohiyo.