Namna ya Kuwatafuta na Kuwalea Vipepeo wa Jenasi ya Iolaus

Jenasi ya Iolaus, iliyopewa jina na Jacob Hübner mwaka 1819, ina vipepeo wadogo wa Afrika ya kitropiki ambao madume yao mengi hung'aa kwa rangi ya samawati. Kwa kuwa wengi huruka juu ya vilele vya miti, anayewawinda kwa wavu hupata wachache mno. Njia ya uhakika ni kumtafuta kiwavi, kwani karibu spishi zote hulelewa na mimea vimelea ya familia ya Loranthaceae, yaani virukia vinavyoota juu ya matawi ya miti mingine.

Kwanza, tafuta kirukia. Wakati wa kiangazi, mti mwenyeji ukishapukutisha majani, kichaka cha kijani cha kirukia huonekana kwa mbali. Chagua kilicho chini na chenye majani machanga. Ndani ya hifadhi, omba kibali kabla ya kukata chochote.

Pili, kagua jani moja moja. Hapa ndipo subira inapohitajika zaidi. Kiwavi mchanga huparua ngozi ya jani na kuacha mfereji mwembamba uliopauka, ilhali aliyekomaa hula kuanzia ukingoni. Mwili wake ni bapa, kichwa kimefichwa chini ya kifua, na rangi yake hufanana na ya jani kiasi kwamba mara nyingi kidole humgusa kabla jicho halijamwona. Ukiuona mfereji mpya, usiondoke. Mwenyewe yu karibu.

Tatu, kata kitawi kizima. Usimbandue kiwavi kwa vidole. Chomeka kitawi katika chupa ya maji na uzibe mdomo wake kwa pamba ili kiwavi asizame. Kila mmoja awe na chombo chake chenye hewa, mbali na jua kali, kwa sababu viwavi wa familia ya vipepeo hawa (Lycaenidae) huweza kulana. Majani mapya yatoke kwenye spishi ileile ya kirukia, kwani akibadilishiwa chakula huweza kukataa kula hadi afe.

Nne, mwekee vipande vya magome yenye mikwaruzo ili apate pa kujishikiza anapogeuka pupa. Usiibandue pupa, acha nafasi chini yake, maana kipepeo anayetoka lazima aning'inie hadi mabawa yakunjuke na kukauka.

Tano, piga picha kabla ya kumwachia. Upande wa chini wa mabawa ndio wenye mistari inayosaidia kutofautisha spishi, pamoja na vijimkia na madoa ya mabawa ya nyuma, ambayo humfanya ndege adhani ndipo kichwa kilipo. Pupa ikitoa nyigu au nzi badala ya kipepeo, umhifadhi pia mdudu huyo, kwani taarifa za wadudu vimelea hao zina thamani kubwa. Kwa kila kielelezo andika tarehe, mahali, spishi ya kirukia na ya mti mwenyeji, kisha umrudishe kipepeo kwenye mti uleule.