Kupima hali ya sarafu na noti za zamani kabla ya kulipa mtandaoni

Anayenunua sarafu ya zamani akiwa Dodoma, huku muuzaji akiwa Mwanza au Tanga, hukutana kwanza na maelezo kama "iko safi" au "haina shida", ambayo hayampi kipimo chochote cha kushika. Wakusanyaji hupanga hali kwa herufi, kuanzia sarafu iliyolika sana hadi ile ambayo haikuwahi kuingia kwenye mzunguko: G (Good, yaani "nzuri"), VG (Very Good), F (Fine), VF (Very Fine), XF (Extremely Fine), AU (About Uncirculated) na UNC (Uncirculated). Herufi G ndiyo inayowaponza wengi, kwani hutajwa kama sifa ilhali kwenye sarafu ya daraja hilo limebaki umbo kuu tu. Namba inayofuata herufi hutokana na kipimo cha 1 hadi 70 alichobuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, na kuanzia 60 kwenda juu sarafu huhesabiwa kuwa haijatumika.

Hata hivyo, herufi ni maoni ya muuzaji, kwa hiyo zikague mwenyewe sehemu zilizoinuka, ambazo ndizo hulika kwanza. Kwenye senti 50 ya mwaka 1966, omba picha ya karibu ya nywele za Mwalimu Nyerere juu ya sikio, kisha ya mwili wa sungura upande wa pili. Mistari ya nywele ikionekana mmoja mmoja, bei ya VF inazungumzika. Kichwa kikiwa laini kama kokoto ya mtoni, haizungumziki.

Heller 20 za mwaka 1916, sarafu za enzi za Wajerumani zilizogongwa katika karakana ya reli Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zinahitaji uangalifu zaidi. Nyingi zilitoka na michoro hafifu tangu siku ya kwanza, na mtu asiyezijua atadhani zimelika. Linganisha sehemu mbalimbali za sarafu ileile: udhaifu wa kugongwa huweza kukaa upande mmoja huku kwingine kukiwa kukali, lakini uchakavu hufuata miinuko yote.

Kasoro ni jambo tofauti na daraja. Sarafu iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu hung'aa sana pichani, na kwa mkusanyaji imeshashuka thamani. Omba video fupi ikigeuzwa chini ya taa: mng'ao wa asili huzunguka juu ya uso wake, ilhali iliyosuguliwa hung'aa kote kwa pamoja na kuonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja.

Kwa noti, hesabu mikunjo. UNC haina hata mmoja. Iinuliwe mbele ya mwanga ili matundu ya pini yaonekane, na uulize waziwazi kama imepigwa pasi, maana pasi huficha mkunjo bila kuuondoa.

Ukiwa muuzaji, taja kasoro kabla ya daraja na upige picha mchana, pande zote mbili pamoja na ukingo, bila kuzirembesha kwa programu za simu. Usihifadhi sarafu kwenye plastiki laini ya PVC, kwa sababu baada ya muda huacha utando wa kijani. Na kwa kuwa mizigo mingi midogo husafirishwa kwa basi, mkubaliane kwa maandishi, kabla fedha haijatumwa, mpokeaji ana siku ngapi za kukagua na nani atalipa nauli ya kurudisha kifurushi.