Namna ya kutengeneza gitaa la besi kwa mninga, mkongo na mpingo

Ukipita karakana za Keko hapa Dar utakuta mninga na mkongo zinapigwa vitanda na milango kila siku, afu ukienda Mwenge utakuta wachongaji wamekaa na mpingo mapajani, na hizo hizo ndio mbao ambazo mafundi wa magitaa Marekani na Ulaya wanazitafuta kwa udi na uvumba, wanaziita mbao za kigeni, mtu anaweka oda ya besi anasubiri miezi na analipa hela ndefu kwa sababu tu ina mbao za huku. Kwetu sio za kigeni jamani. Mi ni seremala na napiga besi, nimeshatengeneza tatu kwa mbao za hapa hapa, ya kwanza iliharibika shingo na ntaeleza kwa nini, na hii ndio njia ninayoifuata sasa.

Besi ninayoielezea ni ya nyuzi nne, shingo ya kufunga kwa skrubu, skeli ya inchi 34 yaani milimita 863.6 kutoka nati, yaani kijiti kinachoshika nyuzi pale kichwani, mpaka kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi huku chini. Ni kipimo alichotumia Leo Fender kwenye Precision Bass ya mwaka 1951 na mpaka leo ndio kimezoeleka, kwa hiyo nyuzi za dukani zitakutosha bila shida. Shingo inayopita mpaka mwisho wa bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, inapendeza sana lakini kwa mara ya kwanza usiiguse, shingo ikigoma unakuwa umepoteza gitaa zima, wakati hii ya skrubu unafungua unatengeneza nyingine.

Bodi fanya ya mninga. Mninga ukishakauka unatulia, hauchezichezi, unakubali randa na patasi, na uzito wake unabebeka. Mkongo ni mzito zaidi na mgumu, mi siuweki bodi, naukata vipande vyembamba vya kuipa shingo nguvu. Mpingo unaenda fretibodi tu, ule ubao mwembamba wa juu ya shingo unaopigwa freti, vile vyuma vya kubania nyuzi. Usije ukafanya bodi ya mpingo, ule mti ukiutia majini unazama, mpigaji atasimama nao vipi masaa manne ukumbini?

Sasa kukausha, na hapa ndugu yangu usiwe na haraka kabisa maana besi yangu ya kwanza ilifia hapa. Nilinunua ubao kwa mzee mmoja akaniambia "huu umekauka kijana wangu, ulikuwepo hapa tangu mwaka jana", nikaamini, nikaunga shingo nikapiga freti nikafunga nyuzi, ikalia vizuri wiki tatu. Wiki ya nne nikaishika nikaangalia kutoka kichwani kama unavyoangalia bunduki, shingo imejinyonga, upande wa uzi mnene umepanda na upande wa uzi mwembamba umeshuka, na shingo ikishajinyonga hivo hakuna chuma cha kuirudisha. Ubao ulikuwa umekauka juu tu, ndani bado mbichi.

Siku hizi sisikilizi mtu, napima mwenyewe. Nikishanunua ubao naukata saizi kubwa kidogo kuliko ninayotaka, ncha zote mbili nazipaka rangi ya mafuta ili unyevu usitokee huko kwa kasi ukapasua, naulaza kivulini juu ya vijiti upepo upite chini na juu, afu kila Jumapili naupima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe pamoja na tarehe. Ubao wa nusu bodi ya besi yangu ya mwisho umeandikwa kilo 3.62 mwezi wa tatu, ukawa unashuka shuka, ukafika 2.98 mwezi wa tisa na hapo ukasimama wiki nne mfululizo. Ukisimama hivo ndio umekauka kwa hali ya hewa ya hapo ulipo. Kumbuka Dar kuna unyevu mwingi hewani, kwa hiyo besi ikihamia Dodoma au ikienda Ulaya wakati wa baridi mbao zitasinyaa tena na ncha za freti zitachomoza pembeni zikwangue mkono wa mpigaji, na kama unajua inaenda huko basi tafuta mtu mwenye tanuri ya kukaushia mbao uishushe mpaka unyevu wa asilimia 8 hivi.

Kuhusu mpingo. Mti wenyewe ni mdogo, umepinda, mara nyingi una shimo katikati, na kiini cheusi kimezungukwa na nyama nyeupe ya njano njano. Wanunuzi wakubwa duniani ni watengeneza klarineti na obo, na wao wanataka vipande vifupi, kwa hiyo kupata ubao wa mpingo mnyoofu usio na ufa wenye urefu wa kutosha fretibodi ya besi ni kazi kweli kweli. Freti 24 kwa skeli hii zinahitaji karibu sentimita 65 za ubao safi. Freti 20 zinamalizika kabla ya sentimita 60, na Precision ya 1951 yenyewe ilikuwa na freti 20, kwa hiyo mpingo ukikupa sentimita 62 tu usisikitike, piga 20 uendelee na maisha. Upana uwe sentimita 7, unene ukishapiga randa milimita 6 au 7.

Na nunua kihalali. Dai risiti na ile hati ya kusafirishia mbao ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, watu wanaita TP. Kule Kilwa vijiji vinasimamia misitu yao wenyewe na kuvuna mpingo wenye cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, tangu 2009, hela inarudi kijijini, mi naona huo ndio mpingo wa kuuwekea heshima. Pia ujue mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Gitaa lililokamilika liliondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019, ila ukituma nje ubao mtupu wa fretibodi bado unahitaji kibali.

Kabla hujawasha mashine vaa barakoa, sio kitambaa, barakoa ya vumbi yenyewe. Vumbi la mninga linaleta mafua, macho kuwasha na pumu, na la mpingo nalo halifai kwenye mapafu wala kwenye ngozi. Mafundi wengi tunakohoa na tunasema ni hali ya hewa.

Shingo unganisha vipande vitano vya sentimita 90, vitatu vya mninga na viwili vyembamba vya mkongo milimita 5 kila kimoja, na kila kipande geuza nyuzi za mbao zielekee tofauti na jirani yake ili kimoja kikitaka kupinda mwenzake amzuie. Gundi, klampu nyingi, siku mbili usiguse. Katikati chimba mfereji wa trasirodi, ule msumari mrefu wa chuma unaonyoosha shingo, kwa ruta, ile mashine ya kuchimbia mbao, na trasirodi chukua ya aina inayokaza pande zote mbili. Hardware za mtaani hutaupata, unaagizwa mtandaoni pamoja na freti, na usichimbe mfereji kabla haujafika mkononi ukaupima, yangu ilitaka upana wa milimita 6.

Mpingo una mafuta na gundi hailipendi hilo. Futa upande wa kubandika kwa kitambaa chenye asetoni mpaka kitambaa kiache kutoka na weusi, afu paka epoksi hapo hapo usiende kunywa chai kwanza. Weka pini mbili ndogo ili fretibodi isiteleze klampu ikikaza.

Mistari ya freti ndio sauti yenyewe. Chukua 863.6 gawanya kwa 17.817 unapata 48.5, hiyo ndio freti ya kwanza kutoka nati, kilichobaki gawanya tena kwa 17.817 unapata umbali wa inayofuata, endelea hivo. Lakini kwenye ubao pima zote kutoka nati, usipime kutoka freti moja kwenda nyingine maana kosa la nusu milimita linajumlishwa mpaka unafika chini gitaa halina noti hata moja ya kweli. Ya pili iko 94.2, ya tatu 137.4, ya tano 216.6, ya saba 287.2, ya kumi na mbili lazima iwe nusu kamili 431.8, na hiyo ndio ya kujihakikishia. Chora kwa kisu sio penseli. Msumeno uwe wa upana wa karibu milimita 0.6, kata taratibu, mpingo unachosha meno ya msumeno haraka.

Kuna jambo la mpingo ambalo halikusumbui kwenye mbao laini: haubonyei. Mfereji wa freti ukiwa mwembamba kuliko freti, kila freti inakuwa kama kabari, na kabari 20 zinaikunja shingo nzima kinyumenyume. Jaribu freti kwa mkono, iingie kwa kusukuma na nyundo ndogo ya plastiki imalizie, tia tone la supa glu chini yake. Kingo za mfereji zipitishe tupa ya pembe tatu mara moja tu.

Bodi: unga vipande viwili vya mninga, chora msitari wa katikati na usiufute mpaka mwisho, kata kiolezo cha MDF, ruta ifuate. Unene milimita 42 mpaka 45. Pembe ya juu irefushe, kifungo cha mkanda kifike karibu na usawa wa freti ya 12, la sivyo kichwa kitakuwa kinaangukia sakafuni kila ukiachia mkono. Shimo la shingo kina chake milimita 16, na shingo yenyewe pamoja na fretibodi kwenye kisigino, ile ncha inayoingia kwenye bodi, iwe 25. Likibana mpaka unaweza kunyanyua bodi kwa kushika shingo bila skrubu, hapo umefanya kazi. Kabla ya kutoboa briji funga uzi wa kushonea pande zote mbili kutoka nati mpaka chini uone kama zinapita sawa kwenye kingo za shingo. Kisehemu cha briji kinachobeba uzi wa G, ule mwembamba, kikae kwenye 863.6, cha uzi wa E, ule mnene, kirudi nyuma milimita 3 mpaka 5.

Umeme ni mfupi, pikapu mbili, yaani visumaku vinavyonasa mtetemo wa nyuzi, poti za kilo-omu 250, zile za kuzungusha sauti na toni, kapasita ya nanofaradi 47 kwa toni, vyumba vyote vya umeme ndani ya bodi bandika karatasi ya shaba na usisahau waya wa kwenda kwenye briji, bila huo besi inanguruma ukiiachia.

Mkongo na mninga vimalizie kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kikwangue kufuata nyuzi, afu msasa 180, 240, 320, afu mafuta ya linsidi kwa kitambaa, tabaka jembamba, siku moja moja kati yake, mbele na nyuma sawa. Mpingo usiupake vanishi. Msasa mpaka 1000 halafu sugua na kitambaa kikavu, unang'aa wenyewe kama sahani ya santuri.

Nati chonga kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukaisha mafuta. Funga nyuzi za 45 mpaka 105, yaani unene wa inchi 0.045 mpaka 0.105, kaza E A D G, bana uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho, angalia nafasi kwenye freti ya saba, iwe kama milimita 0.3. Rekebisha trasirodi robo mzunguko kwa wakati, subiri, angalia tena. Freti ya 12 uzi wa E uwe juu milimita 2.5. Afu iache imekazwa wiki mbili ukutani, upime tena shingo yote kabla hujampa mwenye oda.