Muasisi wa kikundi akitajwa kwa unyanyasaji

Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma na maigizo hapa Majengo, Moshi. Mwaka juzi mama mmoja alikuja mazoezini, akakaa kwenye benchi mpaka tulipomaliza, kisha akanyoosha kidole kwenye picha ya marehemu muasisi wetu na kusema alichomfanyia akiwa na miaka 11. Mkifikwa na la namna hiyo, anzieni hapa.

Usiku huo msiandike chochote kwenye grupu la WhatsApp. Sisi tuliandika. Mzee mmoja akaleta ile ya "marehemu hasemwi vibaya", kijana akamjibu, na kabla ya saa nne usiku habari zilishafika kwa majirani wa yule mama. Kosa langu, mimi ndiye admini.

Kesho yake atumwe mtu mmoja, mwanamke, akamsikilize. Si kamati. Aandike maneno ya mwenyewe bila kuyanyoosha, amuulize kama jina lake litajwe, na asithubutu kumwambia "mbona ulinyamaza miaka yote?" Mtuhumiwa akiwa hai, au kukiwa na mtoto hatarini leo, nendeni dawati la jinsia na watoto polisi siku hiyohiyo.

Picha na jina kwenye kombe viondoeni mapema. Hiyo ni heshima mliyompa ninyi. Kazi zake ndizo zinazosumbua. Chukueni mfano wa mchongaji wa Uingereza, Eric Gill, aliyefariki 1940. Mwaka 1989 kitabu cha maisha yake kikafichua, kutoka kwenye shajara zake mwenyewe, kwamba aliwanajisi binti zake. Makumbusho ya Ditchling, kijiji alichowahi kuishi, mwaka 2017 yalionyesha kazi zake huku yakiliweka jambo hilo wazi mbele ya watazamaji. Mtindo wa herufi aliobuni, Gill Sans, bado umo kwenye kompyuta. Bango letu la kwanza lilichapwa kwa herufi hizo, na hakuna aliyejua.

Sisi tulikaa na bibi wawili tukazipitia nyimbo moja moja. Nyingi "zake" zilikuwa za Kichagga za zamani, yeye alizipanga tu. Hizo tumebaki nazo. Ule aliotunga mwenyewe, wa kuwaita watoto nyumbani kwake jioni, hatuuimbi tena.

Msumari wa picha bado upo ukutani. Tumeutundikia ratiba ya mazoezi, na chini yake namba 116, ya simu kwa mtoto.