Kutaja saa kwa Kikorea bila kuchanganywa na saa yetu ya Kiswahili

Hatua ya 1. Jifunze Hangul, yaani herufi za Kikorea, kwanza. Achana na orodha zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini tu. "Eo" ya yeol (kumi) si e na o, ni sauti moja, 어. Hapa Kilatini ni cha kukushika mkono tu.

Hatua ya 2. Shika namba za aina mbili. Saa hutajwa kwa namba za asili za Kikorea, dakika kwa namba zilizotoka Uchina.

Saa: han, du, se, ne, daseot, yeoseot, ilgop, yeodeol, ahop, yeol, yeolhan, yeoldu, kila moja ikifuatwa na si (시). Ukihesabu vitu hewani utasema hana, dul, set, net; mbele ya si hufupishwa.

Dakika: il, i, sam, sa, o, yuk, chil, pal, gu, sip, kisha bun (분). Ishirini ni isip, yaani mbili-kumi. Basi 3:20 ni 세 시 이십 분, se si isip bun. Kosa la kila mwanafunzi ni kusema sam si. Kumi na sita huandikwa 십육 lakini hutamkwa simnyuk.

Hatua ya 3. Hamisha saa. Hapa ndipo Mswahili hukwama, hata akiwa na namba zote kichwani. Mkorea huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, sisi huanza na mawio na machweo. Saa moja mpaka sita, ongeza sita. Saba mpaka kumi na mbili, toa sita. Saa moja asubuhi ni ojeon ilgop si. Saa tisa alasiri ni ohu se si. Ojeon (오전) ni kabla ya adhuhuri, ohu (오후) ni baada yake, na yote mawili hutangulia saa.

Usiku ndio mtihani. Saa mbili usiku ni ohu yeodeol si, ila saa nane usiku tayari ni ojeon, na wengi husema saebyeok du si, saebyeok ikiwa alfajiri. Tarehe nayo imeshabadilika: saa nane usiku wa kuamkia Jumanne ni 화요일 새벽 두 시, hwayoil saebyeok du si, Jumanne kamili.

Tena kuna mtego. Korea Kusini iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa sita kamili, mwaka mzima. Kwa hiyo ukipiga simu Seoul saa tatu asubuhi ya kwako, kwao ni ohu se si: tatu kwa tatu! Inafaa sana kwa kupanga simu. Lakini ukishatua Seoul usiitumie. Saa tatu asubuhi ya huko ni ahop si. Aliye Bujumbura au Lubumbashi haimfai kabisa, kwani yuko saa moja nyuma yetu.

Hatua ya 4. Nusu ni ban: se si ban. Robo isemwe sibo bun, dakika kumi na tano. Kasoro ni jeon, nayo huja mwisho: saa tisa kasoro dakika kumi ni se si sip bun jeon.

Hatua ya 5. Tenga si na sigan. Se si-e ni "ifikapo saa tisa". Se sigan ni muda wa saa tatu. Ukiambiwa usubiri se sigan, tafuta kiti.