Mdogo wangu unayechana kibarazani, anzia hapa

Nilianza kuchana, yaani kurap, nikiwa na miaka 15, kwenye chumba tulicholala watu sita chini ya bati. Mvua ikinyesha, hakuna kurekodi. Jirani akiwasha redio, hakuna kurekodi. Leo ninaishi kwa kazi hii, na kila wiki anakuja kijana na daftari lake kuniuliza: dada, ulipitia wapi? Ninachowaambia wao ndicho nitakachokuambia wewe.

Anza na watu ulionao. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, binti aitwaye Cindy Campbell alifanya sherehe kwenye ukumbi wa jengo walimokuwa wakiishi, apate hela ya nguo za shule. Kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Sherehe ile ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa kuzaliwa kwa hip hop, na waliohudhuria walikuwa majirani na wanafunzi wenzao. Kwa hiyo usidharau watu kumi wa uchochoroni kwenu. Wachanie beti moja bila biti yoyote, yaani bila muziki wa nyuma, uwaangalie nyuso. Palipo na mtu wa kuuliza "umesemaje hapo?", rudi pafanyie kazi. Jaji wangu alikuwa mzee fundi viatu. Hakuwahi kunisifu hata siku moja, lakini mstari ukimwingia, nyundo ilisimama. Niliandika na kufuta miezi mingi nikiitafuta nyundo isimame.

Sasa uandishi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapopotezea miaka.

Beti ya kawaida ina baa 16, na kila baa ni mapigo manne ya ngoma. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, hizo ni sekunde kama 43. Sekunde 43 zinatosha kusimulia kisa kimoja. Visa vitatu haviingii. Chagua kimoja. Halafu kumbuka lugha yetu ina mtego: maneno yake karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo vina vinapatikana bila jasho. "Kitandani" na "barabarani" vimeshikanishwa na kiambishi tu, na ukifanya hivyo baa nane mfululizo sikio la msikilizaji linalala. Oanisha maneno ya aina tofauti, na vina vianzie nyuma zaidi ya silabi ya mwisho: "hatia" na "kupitia", "pazia" na "kuanzia". Vilevile, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huo ukikutana na pigo zito la ngoma, neno linasikika hata kwenye spika mbovu. Ukipishana nalo, watu wanasikia kelele. Gonga meza kwa mkono mmoja huku unasoma polepole, na kila silabi iliyobebwa na pigo iwekee alama kwa kalamu. Weka alama pia mahali pa kuvuta pumzi. Mimi huacha nafasi kila baada ya baa nne, hata kama nina neno zuri la kujazia.

Na usiandike "maisha magumu". Andika kitu. Mstari wangu wa kwanza kupigiwa makofi ulihusu ndoo ya mama, iliyozibwa tundu kwa plastiki ya kuyeyusha, inayovuja hivyo hivyo hadi mlangoni. Kila aliyekuwa pale alikuwa na ndoo yake kichwani. Bunduki ambayo hujawahi kuishika iache. Mtaa unajua nani muongo, na kuna hatari nyingine kubwa zaidi: mashairi ya rap yamewahi kusomwa mahakamani kama ushahidi dhidi ya walioyaandika, hadi California mwaka 2022 ikapitisha sheria ya kuwabana waendesha mashtaka wanaotaka kuyatumia. Wewe huna sheria hiyo mfukoni. Majina halisi ya watu wa mtaani usiyataje.

Kurekodi hakuhitaji jumba. Kunahitaji ukimya na vitambaa. Fungua kabati la nguo, simama ukielekea nguo zenyewe, na nyuma yako tundika blanketi zito. Maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Kunja waya uwe duara, uvishe soksi ya nailoni, uuweke kati ya mdomo na maiki, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Punguza kiwango cha kunasa hadi sehemu unayopaza sauti zaidi icheze kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha desibeli. Sauti iliyopasuka wakati wa kunasa, hakuna mtaalamu wa kuirudisha. Vaa hedifoni zinazoziba masikio ili biti isivuje kuingia kwenye maiki. Sisi tulirekodi saa tisa usiku, na mdogo wangu alikaa mlangoni kuzuia watu. Rudia beti nzima mara tano kabla ya kuanza kuunganisha vipande. Pumzi ya mtu aliyeimba mfululizo ina ukweli ambao vipande havina.

Nisikilize vizuri kuhusu karatasi. Wimbo wangu wa kwanza kusikika nje ya mtaa si wangu mpaka leo. Aliyenirekodi alibaki na mafaili, akaupandisha kwa jina lake, nami sikuwa na hata mstari mmoja uliosainiwa. Nilikuwa na miaka 18, na nililia kama nimefiwa.

Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na muziki, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Usiku uleule mnapomaliza, kabla mtu hajavaa viatu, andikeni karatasi ya mgawanyo: jina la wimbo, tarehe, kila aliyetunga na asilimia yake, jumla iwe 100, na nani anamiliki rekodi. Kila mmoja asaini, kila mmoja apige picha. Anayekataa kusaini wimbo ukiwa hauna thamani hatakubali ukishakuwa nayo.

Biti za mtandaoni nazo zisome masharti. Ukikodi biti, mtengenezaji anaweza kuwakodishia wengine biti ileile, na mara nyingi kuna ukomo wa miaka au wa idadi ya kusikilizwa. Ile iliyoandikwa "bure" kwa kawaida ni ya majaribio tu, haikuruhusu kuingiza kipato. Hifadhi leseni na risiti kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Kuachia wimbo nitapita haraka. Upeleke kwa msambazaji, yaani kampuni inayoupandisha kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kama Spotify, wiki nne kabla, kwa sababu Spotify inataka wimbo uwe umependekezwa kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla ya kutoka. Hakikisha umeandika namba yake ya ISRC, yaani kitambulisho cha rekodi, chenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla; ukihama msambazaji, nenda nayo ileile ili hesabu za wimbo zisianze upya. Na ujue kwamba tangu 2024 Spotify hailipi rekodi isiyofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Ndiyo maana nasema uwe na watu wako kwanza. Rapa wa Marekani Nipsey Hussle, mwaka 2013, alitoa kanda mseto (mixtape) bure mtandaoni, na akauza nakala zake 1,000 kwa dola 100 kila moja, zikaisha. Watu walilipia ambacho wangeweza kukipata bure, kwa kuwa walimjua na walitaka afike.

Jukwaani, usichane juu ya sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa. Andaa faili lenye biti na kiitikio tu, liweke kwenye flashi mbili. Maiki ishike mpini. Ukifunika kichwa chake kwa kiganja, sauti inazibwa na spika zinaanza kupiga miluzi. Fanya mazoezi ukitembea kwa kasi, maana jukwaani mapigo ya moyo yatapanda na pumzi itakwisha mapema.

Malipo ya kwanza yatakuja madogo. Yangu yalipoingia nilitoa karatasi ya mgawanyo, nikapiga hesabu, nikamtumia mtengeneza biti sehemu yake siku hiyohiyo pamoja na picha ya taarifa ya malipo. Alinipigia akiwa kimya kwa muda, kisha akasema hakuna msanii aliyewahi kumfanyia hivyo. Biti tatu zilizofuata alinipa bila kutaka hela mbele, na moja kati ya hizo ndiyo iliyonitoa mtaani.